Nimeharibu bata mzinga wa mama mkwe, na wa bandia yuko garaji

SWALI

Shikamoo Somo,

Nakuandikia saa saba usiku, wenyewe wamelala. Mimi mtu wa Pangani, nimeolewa Marekani, na huu ni mwaka wa 12 tunaishi Saint Paul, Minnesota. Mume wangu ni mzungu wa hukuhuku, mtu mtaratibu. Tuna binti wa miaka 10 na wa kiume wa miaka 6. Sijapigwa, sijaachwa, sina ugomvi na mtu, kwa hiyo huenda barua yangu ukaiona ya kitoto. Lakini wiki ya pili hii silali.

Jambo lenyewe ni sanduku la mapambo.

Huku mwezi wa 11 kuna Sikukuu ya Shukrani. Ukoo unakutana, analiwa bata mzinga, meza inapambwa. Mama mkwe wangu, ambaye sasa ana miaka 74, hapambi kwa vitu vya dukani. Anatoka mji mdogo wa kaskazini, kwenye misitu ya misonobari, na mumewe alipokuwa hai walikuwa wakienda na watoto kuokota koni za miti hiyo. Koni ndiyo kiwiliwili cha bata, mkia ni manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi, kichwa ni kipande cha kitambaa chekundu. Wapo bata saba. Wapo wanasesere wa maganda ya mahindi. Zipo karatasi za viganja, bila shaka unazijua: mtoto anatandaza mkono, anachora kuuzunguka, dole gumba linakuwa kichwa cha bata mzinga na vidole vinne vinakuwa mkia. Mume wangu anazo sita, za kila mwaka tangu chekechea.

Kila pambo lina hadithi yake, na mama huzisimulia zote, kwa mpangilio uleule, kila mwaka. Huyu bata mwenye jicho moja, jingine lilimezwa na mbwa. Huyu mwanasesere alitengenezwa siku theluji ilipofunga barabara. Miaka ya mwanzo nilikuwa nachoka kusikiliza. Nakwambia ukweli.

Lililo kubwa kuliko yote ni sahani ndogo ya unga na chumvi. Shemeji yangu, kaka yake mume wangu, alibonyeza mkono wake hapo alipokuwa na miaka 6, ukapakwa rangi ukawa bata mzinga, nyuma wakaandika jina lake na mwaka, 1985. Shemeji alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1999, ana miaka 20. Mimi sikumkuta. Kila Sikukuu ya Shukrani mama huweka ile sahani mbele ya kiti chake, na kabla ya kula hutia vidole vyake viwili ndani ya kile kiganja. Viwili tu, ndivyo vinavyoenea. Hasemi kitu. Halafu anasema, "Haya, tule."

Miaka mitatu iliyopita alihamia nyumba ndogo, akanikabidhi sanduku. Akaniambia, "Sasa ni lako." Hakumpa binti yake, alinipa mimi.

Mwezi wa nne mwaka huu nilikuwa napanga kabati la sebuleni. Bibi yangu alinisukia kawa la ukili kabla hajafariki, lina mistari ya zambarau na kijani, na miaka yote hii limekaa ndani ya mfuko wa nailoni chini ya kitanda. Nikasema safari hii na mimi nalitafutia mahali. Nikalishusha sanduku la mama besmenti, nikaliweka sakafuni karibu na mashine ya kufulia. Ni sanduku la karatasi ngumu. Kiangazi cha huku kina jasho kama Machi ya Pangani, na sakafu ya saruji inatoka majimaji. Sikuliangalia hata siku moja.

Nimelifungua wiki mbili zilizopita. Harufu ilinipokea kabla sijainua kifuniko. Karatasi za viganja zimegandana kama chapati zilizofunikwa za moto. Koni zimejifunga zote, zimekuwa kama ngumi, manyoya mengine yamebanwa na mengine yamedondoka. Wanasesere wawili wameota ukungu kwenye sketi. Na ile sahani imekuwa laini kama muhogo uliovundikwa. Nilipoiinua ilibaki nusu mkononi. Kilichosalimika ni dole gumba, kidole cha shahada, na nyuma yake tarakimu mbili: 85.

Sasa nikuambie nilichofanya. Nilisubiri mume wangu aende kazini. Unga vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji kikombe kimoja. Nikamwita mwanangu nikamwambia bonyeza hapa. Nina picha ya sahani ya zamani kwenye simu, nikalinganisha: Somo, mkono wake ni saizi ileile. Nikaioka kwa moto mdogo masaa matatu, nikapaka rangi, kahawia kwenye kiganja, nyekundu kwenye dole gumba, juu nikapitisha chai iliyokolea ili ionekane ya zamani. Nyuma nikaandika jina la marehemu na 1985, nikauiga mwandiko. Iko garaji, nyuma ya matairi ya theluji. Mwanangu alipoiona aliniuliza, "Mama, mbona hukuandika jina langu?" Nikamwambia hii ni siri yetu, bibi asijue.

Mume wangu naye hajui.

Kuna na la pili, dogo. Mama hutengenezea kila mjukuu taji la karatasi lenye manyoya, kama "Wahindi" wa Marekani wa kwenye picha. Mwaka huu binti yangu amesema havai, mwalimu amewaambia ni kuwadharau wenyeji wa nchi hii. Naogopa mama atapata mapigo mawili siku moja.

Je, niiweke ile sahani mezani ninyamaze? Namwonea huruma. Anakuja Jumapili ya wiki ijayo.

Mtu wa Pangani, Minnesota


JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na koni, kwa sababu hizo umezililia bure. Koni ya msonobari ikilowa hujifunga, ikikauka hujifungua. Ndivyo mti unavyozuia mbegu zake zisidondoke siku ya mvua, maana mbegu zile husubiri upepo na zikilowa haziruki. Koni iliyookotwa miaka thelathini iliyopita inaendelea na kazi hiyo, haina habari kwamba mti umeachwa kaskazini huko. Zipange juu ya gazeti kwenye chumba chenye joto, ziache. Siku mbili tatu utaziona zinafunguka zenyewe. Utasikia watu wanasema zitiwe ovenini kwa joto dogo, nyuzi 93, ambazo kwa vipimo vya huko ni 200. Hiyo ni kwa koni tupu zilizotoka msituni, ili kuua wadudu na kukausha utomvu. Zako zina gundi na manyoya, usijaribu. Manyoya yaliyodondoka yaokote, utayabandika mahali pake. Bata saba wako hai.

Karatasi zilizogandana usizibandue kwa kucha, na usipitishe mvuke wa birika kama tulivyokuwa tukifungulia barua za watu. Zikiwa bado na unyevu, zifunge kwenye mfuko wa plastiki uziweke friza. Baridi haiui ukungu, inausimamisha, nawe unapata muda wa kutafuta mtu anayejua. Hapohapo Saint Paul kuna Minnesota Historical Society, watu ambao kazi yao ni kutunza makaratasi ya zamani; waulize ni fundi gani wa kuhifadhi karatasi unayeweza kumpelekea. Zikitoka salama, moja moja zipigwe picha au skani, kisha zihifadhiwe zikiwa zimetenganishwa kwa karatasi laini isiyo na asidi. Usizitie kwenye plastiki ya kuyeyushwa kwa moto, wala usizibandike selotepu. Selotepu ikizeeka huacha doa la njano ambalo halitoki.

Wanasesere wenye ukungu watoe nje, vaa barakoa, pitisha brashi laini kavu. Usiguse jiki.

Na vile vipande viwili vya sahani, kwanza vipige picha, mbele na nyuma. Kisha viweke juu ya waya wa kupozea keki, kwenye chumba kinachopita hewa, vikauke polepole. Si ovenini, kwa sababu nje patakauka kabla ya ndani na vitapasuka. Wewe mtu wa Pangani unajua chumvi ya mezani inavyolia kwenye kichupa ikifika masika. Ile sahani kwa kila vikombe viwili vya unga ilikuwa na kikombe kizima cha chumvi, nawe ukaishusha kwenye saruji inayotoa jasho. Imevuta maji miezi sita. Vikishakauka, vitie kwenye kikopo chenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kuvuta unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Na kama mna mbwa, kikopo kikae juu, maana mbwa akila unga wa chumvi anaweza kufa.

Sasa twende garaji.

Sikulaumu kwa kuitengeneza. Mtu akivunja kitu cha mwenzie mikono hutangulia akili, inatafuta cha kuziba pengo. Mimi nilishawahi. Marehemu baba alikuwa na kofia ya mkono aliyoshonewa na mama, ya vishimo, ile kazi ya miezi. Baba alipofariki mama akaniachia niitunze, nami nikaipeleka kwa dobi, ikapotea. Nikanunua nyingine, nzuri, karibu sawa, nikaisugua kwa maji ya chai kama ulivyofanya wewe. (Sijui nani alitufundisha wote kwamba uzee una rangi ya chai.) Mama aliishika, akapitisha ncha ya kidole kwenye vishimo, kimoja, cha pili, cha tatu, akairudisha mezani. Akasema, "Ahsante." Miaka minane iliyobaki ya uhai wake hakuitaja tena ile kofia, na mimi sikuitaja.

Mama mkwe wako ametia vidole kwenye shimo lile zaidi ya miaka 25. Macho yake ya miaka 74 utayadanganya. Vidole sina hakika.

Lakini tuseme umefaulu. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Ametia vidole, amenyamaza kama kawaida yake, anamkumbuka mwanawe, na kile kiganja ni cha mjukuu wake aliyekaa viti viwili kutoka pale, mzima, akimwangalia bibi yake, anajua ni mkono wake na amekatazwa kusema. Mwanao atakuwa anafikiria nini? Kumpa mtoto wa miaka 6 siri ni kuteka maji kwa pakacha, hilo unalijua, atasema tu, kama si Alhamisi basi Krismasi. Ila hata asiposema. Ameshakuuliza swali moja la haki, mbona jina lake halipo, nawe hukumjibu.

Kwa hiyo haiendi mezani ikiwa na jina hilo.

Mweleze mume wako kwanza, na iwe leo. Umeandika habari za mama ukurasa mzima, yeye umempa mstari mmoja, "hajui". Aliyefariki ni kaka yake. Kama kuna mtu mwenye haki ya kuviona vile vipande kabla ya wote, ni yeye. Usimwambie akiwa anavaa viatu kwenda kazini.

Kisha nendeni kwa mama, nyote wawili, kabla ya hiyo Jumapili. Usingoje aje na mikono yake tayari kwa kazi, afungue sanduku mbele ya watoto. Kwetu mkwe ni mtu wa kuinamiwa, hata chakula wengine hawali mbele yake, ndiyo maana umeona bora kufinyanga uongo kuliko kumtazama usoni. Nakuelewa. Ila huyu si mkwe wa Pangani, hajui kwamba unamwogopa kwa heshima; akigundua mwenyewe ataona umemficha tu. Chukua vile vipande vilivyokauka, viweke kwenye sinia juu ya kitambaa safi. Mwambie: nililishusha sanduku chini bila kufikiri, likapata maji, sahani imevunjika, hiki ndicho kilichobaki, ni kosa langu. Basi. Usitie mashine ya kufulia, usitie hali ya hewa ya Minnesota. Akilia, mwache alie. Na wewe usilie kumzidi, ukamfanya yeye ndiye awe wa kukubembeleza.

Mpe akishike kile kipande cha dole gumba.

Halafu, siku hiyo au nyingine, akiwa tayari, mwombe akusimulie mwaka 1985. Nani alileta unga? Rangi ilipakwa na nani, mtoto alicheka au alichukia kushikwa mkono? Weka simu mezani irekodi, kwa ruhusa yake. Umesema hadithi zile ulikuwa umezichoka. Zitafute sasa, zote, za bata mwenye jicho moja na za theluji iliyofunga barabara, kwa sababu kwenye lile sanduku hakuna hata kimoja chenye maelezo yaliyoandikwa. Maelezo yote yako kichwani mwa mtu mmoja mwenye miaka 74. Bila yeye, yule wa jicho moja ni koni iliyoharibika. Andika vikadi vidogo, kila pambo na chake, kwa penseli. Hilo ni jambo ambalo ungepaswa kulifanya hata kama sanduku lingekaa pakavu, na wengi wanaonisoma hapa hawajalifanya kwa vitu vya mama zao.

Na sanduku likirudi, lirudi kabatini sebuleni, ndani ya kasha lenye mfuniko wa kubana. Si besmenti, na si darini pia, maana dari za nyumba za huko kiangazi ni tanuri na wakati wa baridi ni friza.

Kuhusu taji, binti yako yuko sawa, na mwalimu wake pia. Chakula kinachosimuliwa kuwa chanzo cha sikukuu hii kilikuwa Plymouth, Massachusetts, mwaka 1621, na wenyeji waliokuwepo walikuwa Wampanoag. Edward Winslow, mmoja wa walowezi wa Kiingereza, aliandika barua mwaka huohuo kwamba Massasoit, mkuu wa Wampanoag, alikuja na wanaume wapatao 90, wakakaa siku tatu, wakaleta kulungu watano. Wampanoag hawakuwa wakivaa yale mataji makubwa ya manyoya. Hayo ni ya mataifa ya nyanda za kati, na kwao kila unyoya wa tai una sababu yake, mtu hupewa kwa alichotenda. Ni kama mtoto wa kizungu avishwe joho na jambia acheze nalo mezani. Na zile kofia nyeusi zenye bizimu mbele, kama mama huzikata pia, walowezi wenyewe hawakuzivaa hivyo, ni wachoraji wa miaka ya baadaye. Tangu 1970 wapo wenyeji wanaokusanyika Plymouth siku hiyohiyo ya sikukuu kwa maombolezo. Nanyi mnakoishi ni nchi ya Wadakota na Waojibwe, mwalimu hakuokota neno hewani.

Hata hivyo usimfanye binti wa miaka 10 awe hakimu wa bibi yake. Mataji ya zamani ni ya hao waliokuwa watoto, yapige picha yahifadhiwe. Mwaka huu mwambie binti amwombe bibi amfundishe kitu kingine, na kipo sandukuni: mwanasesere wa maganda ya mahindi. Hiyo ni sanaa ya wenyeji hasa. Wahaudenosaunee, wa upande wa New York, wanasesere wao hawawawekei uso, na wana hadithi kwamba wa kwanza alinyang'anywa uso kwa kujisifia uzuri. Maganda yanalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka yalegee, yanakunjwa, yanafungwa uzi shingoni na kiunoni. Wewe mwenyewe nadhani uliwahi kumfunga mtoto wa gunzi kwenye kipande cha kanga, ukambeba mgongoni. Kaa nao. Bibi, mama na binti, bakuli la maganda katikati. Mkitaka na kitu cha wenyeji wa hapo mlipo, pikeni ule mchele wa mwituni wa maziwa ya Minnesota ambao Waojibwe wanauita manoomin, wanaouvuna wakiwa kwenye mitumbwi. Huko unapatikana madukani.

Nimeacha kawa mwishoni makusudi, mwanangu, kwa sababu na wewe ulilipitisha haraka sana.

Umesema ulishusha sanduku ili upate nafasi ya kawa la bibi yako. Mwaka wa 12. Umesimuliwa hadithi za koni saba kila mwaka, kwa mpangilio uleule, na kitu pekee ulichosukiwa na bibi yako kiko kwenye nailoni chini ya kitanda. Mimi sisemi sanduku uliliweka pale sakafuni kwa hasira. Nasema mtu akishika kitu akiwa na kinyongo kidogo hachagui sana pa kukiweka. Hilo nalo mwambie mume wako, na wakati ukifika mwambie mama. Sidhani kama kuna aliyekukataza. Alipokupa sanduku alisema sasa ni lako, na wewe ukaendelea kulitunza kama la kuazima.

Wala usidhani meza ile ina sheria iliyoshuka mbinguni. Siku yenyewe ya sikukuu ilipiganiwa kwa barua: Sarah Josepha Hale, mhariri wa gazeti la wanawake, aliandikia magavana na marais mwaka baada ya mwaka, hadi Abraham Lincoln alipotangaza mwaka 1863 iwe ya nchi nzima, Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt akaiwahisha kwa wiki moja, watu wakagombana, majimbo mengine yakafuata na mengine yakakataa, mpaka mwaka 1941 ilipopitishwa sheria kwamba ni Alhamisi ya nne. Kama siku imesogezwa, kawa litapata pa kukaa. Lifute vumbi kwa kitambaa kikavu, ufunike nalo mkate wa mahindi. Mtu atauliza ni nini. Hapo ueleze miyaa ilivyokatwa, ilivyochemshwa na rangi, jinsi bibi yako alivyokuwa akisuka huku anazungumza bila kutazama mikono. Simulia hadi umalize. Na mwakani simulia tena, hivyohivyo.

Inabaki ile ya garaji. Usiivunje. Mtoto amebonyeza mkono wake kwa moyo safi, naye ana miaka 6, umri uleule aliokuwa nao baba yake mkubwa, na kiganja chake kimelingana na kile. Hayo hukuyatunga wewe. Mama huyo amejaliwa mjukuu mwenye mkono wa saizi ile, na wewe ulitaka kumficha nyuma ya matairi.

Tafuta msasa mwembamba, ulikwangue jina na ule mwaka mpaka unga uonekane mweupe. Mwombe mwanao radhi kwa maneno mafupi: mama alikosea, hii ni yako, siyo siri tena. Mpe kalamu aandike jina lake mwenyewe na mwaka huu. Akigeuza herufi moja, iache.